Shilingi 2,000 Zilizopungua

Kuna swali moja ambalo limewaangusha vijana wengi wa Garissa kwenye mahojiano ya kazi ya ukeshia wa benki, na halihusu riba wala historia ya benki. Huulizwa hivi: "Saa kumi jioni umefunga dirisha lako. Umehesabu pesa, umezilinganisha na mfumo, zimepungua shilingi 2,000. Utafanya nini?"

Nimeketi nyuma ya kioo cha keshia, na baadaye nikaketi kwenye meza ya jopo linalouliza swali hilo. Jibu ninalolisikia mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili: "Nitatoa mfukoni mwangu nizijaze." Kijana hulitoa kwa moyo mweupe. Nyumbani amefundishwa kwamba amana ya mtu ukiipoteza unailipa, na kwa kujibu hivyo ameleta mbele ya jopo kilicho bora katika malezi yake. Hajui kwamba amejiangusha. Roho huniuma kila mara, kwa sababu uaminifu anao tele, ila hajaambiwa benki huupima vipi.

Shilingi 2,000 haziyeyuki. Huenda mteja alipewa noti mbili za ziada. Huenda aliweka 13,000 na keshia akaingiza 15,000. Huenda noti zimejikunja nyuma ya droo, au zimo ndani ya bunda lililokwisha kufungwa na kupelekwa hazina. Kila njia kati ya hizo ina nyayo, na nyayo hufuatwa. Ukijaza kwa pesa zako umezifuta nyayo. Vitabu vitaonyesha siku safi ambayo haikuwa safi, na kesho asubuhi mteja akirudi na noti mbili mkononi, maana watu wa namna hiyo tunao wengi, benki itajikuta na ziada isiyo na mwenyewe. Halafu lipo jambo ambalo jopo hulifikiria bila kulitamka: mkono unaoweza kuijaza droo bila mtu kujua unaweza pia kuipunguza bila mtu kujua.

Kwa hiyo usiondoke kwenye kituo chako. Hesabu upya, kwa mashine kisha kwa mkono, kuanzia noti kubwa hadi sarafu. Mwite keshia mkuu ukiwa bado hujui kosa liko wapi. Usingoje hadi ushindwe. Pitieni slipu moja moja mkizilinganisha na mfumo. Kosa lisipopatikana, upungufu huandikwa kwa jina lako na tarehe yake, na benki huamua kwa taratibu zake nani atalipa. Mara nyingi atakayelipa ni wewe. Lakini utakuwa umelipa deni lenye karatasi, ambalo mkaguzi wa hesabu akija mwaka ujao atalikuta na kulielewa.

Ukitaka jopo likukumbuke, ongeza jambo ambalo mimi nililipata kwa jasho. Katika miezi yangu ya mwanzo nilipungukiwa shilingi 900 jioni moja ya mwisho wa mwezi. Nilihesabu mara nne huku nikitetemeka. Keshia mkuu wetu, mama wa Kipokomo aliyezaliwa ng'ambo ya mto Tana, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mia tisa inagawanyika kwa tisa?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema basi tafuta tarakimu zilizobadilishana viti. Ndani ya dakika kumi tukaipata slipu: mteja aliweka 4,500, mimi nikaingiza 5,400. Tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi, tofauti yake hugawanyika kwa tisa daima. Kanuni hiyo ni ya wahasibu wa kale, kabla ya tarakilishi. Ina ndugu yake: tofauti ikigawanyika kwa mbili, tafuta nusu yake. Ukipungukiwa na 14,000, huenda mtu alitoa 7,000 na wewe ukaingiza kana kwamba ameweka. Mfumo unangoja zile 7,000 ziwemo, kumbe zimetoka, na pengo likawa mara mbili.

Na ziada? Vijana wengi huona ziada ni heri. Jopo likikuuliza kuhusu droo iliyozidi 2,000, ujue ni swali lile lile limegeuzwa. Ziada ni pesa za mtu ambaye hajui bado kwamba amepunjwa. Pengine ni mama aliyepanda gari kutoka Modogashe, akatoa pesa za karo, naye atagundua akiwa mbele ya mhasibu wa shule. Ziada huandikwa vile vile, huwekwa kwenye akaunti ya kungojea, na hutafutiwa mwenyewe.

Nimekaa kwenye upungufu na ziada kwa muda mrefu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine ya siku ya keshia ni mepesi kuyaeleza. Asubuhi hazina hufunguliwa na watu wawili wenye funguo tofauti, hakuna anayeingia peke yake. Unapokea pesa, unazihesabu mbele ya aliyekupa, unatia sahihi, na tangu hapo kila shilingi iko shingoni mwako. Bunda moja ni noti 100. La noti za elfu ni shilingi 100,000, na usilikubali kwa kuangalia kamba tu. Droo yako ina kikomo, na pesa zikizidi kikomo hicho unazirudisha hazina mchana huo huo, kwa ajili ya usalama wako kwanza. Jioni unasawazisha. Katika mahojiano mengine utapewa mabunda yaliyochanganywa uhesabu mbele ya jopo, na pengine noti moja itakuwa bandia. Noti zetu za sasa, zilizozinduliwa tarehe 1 Juni 2019, zina kichwa cha simba kinachoonekana ukiziinua kwenye mwanga, uzi unaobadilika rangi ukizigeuza, na chapa iliyoinuka ambayo kidole huihisi kabla ya jicho. Noti bandia hairudishwi kwa mteja hata akilia. Unaizuia, unamwita msimamizi, unaandika. Na yeyote akikuletea noti ya elfu ya zamani, ile iliyofutwa tarehe 1 Oktoba 2019, mweleze kwa upole kwamba imekwisha kuwa karatasi. Bado hupatikana kwenye masanduku ya wazee huku kwetu, na habari hiyo ni nzito kwa anayeisikia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Vijana wetu huingia kwenye chumba cha mahojiano wakiwa wameiacha Garissa mlangoni. Wamekariri Kiingereza cha intaneti kuhusu kufanya kazi chini ya shinikizo na kupenda kuhudumia watu. Wanajibu kama mtu aliyezaliwa Westlands, Nairobi, kilomita 370 kutoka hapa. Jopo nalo, hata likiwa limetoka makao makuu, linatafuta mtu wa kuketi kwenye dirisha la Garissa, au la Wajir, au la Mandera, akabiliane na foleni ya huko. Kile ambacho kijana anakificha ndicho wanachokuja kukinunua.

Chukua suala la majina. Msomali hana jina la ukoo kama linavyotakiwa kwenye fomu za benki. Ana jina lake, la baba na la babu, basi. Katika tawi moja unaweza kuwa na wateja kumi wanaoitwa Mohamed Abdi Hassan, na watatu kati yao wakawa kwenye foleni kwa wakati mmoja. Ongeza tahajia: kitambulisho cha Kenya kiliandikwa na karani aliyesikia kwa sikio lake, akaandika Mohamed, Mohammed au Muhamed. Karatasi ya mfanyabiashara iliyotoka Kismayu imeandikwa kwa hati ya Kilatini iliyorasimishwa Somalia mwaka 1972, ambamo x ni ile h nzito ya kooni na c ni ile ain ya Kiarabu. Basi Maxamed Cabdi Xasan na Mohamed Abdi Hassan huenda ni mtu mmoja, au huenda ni wawili. Juu ya hayo kila mtu ana naanays, jina la utani analojulikana nalo mtaani: Dheere kwa kuwa ni mrefu, Gaab kwa kuwa ni mfupi, Yare kwa kuwa ni mdogo. Mteja atakwambia, "Nitumie kwa Yare wa duka la pale Suq Mugdi," na mfumo haumjui Yare.

Mwenye hawala, ule utumaji wa pesa wa kuaminiana, analitatua hilo kwa nasaba. Anauliza wewe ni mwana wa nani wa nani, hadi babu wa tano, mpaka mtu apatikane mmoja tu. Ni njia ya kale na imebeba pesa nyingi kuvuka mipaka. Benki hailitatui hivyo. Benki inataka nambari: ya akaunti, ya kitambulisho, kisha picha na sahihi. Keshia wa Garissa ndiye mtu anayesimama katikati ya njia hizo mbili. Anaelewa mteja anamaanisha nani, lakini hapeleki pesa kwa kuelewa kwake. Anazipeleka kwa nambari. Kijana akilieleza hilo mbele ya jopo kwa mfano wa jirani zake mwenyewe, bila kumtaja mtu, nakuhakikishia kalamu zitasimama. Sijawahi kulisoma katika kitabu chochote cha maandalizi ya mahojiano.

Tarehe za kuzaliwa ni vivyo hivyo. Wazee wengi wa ufugaji vitambulisho vyao vinasema walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyeandika alipewa mwaka tu, au alipewa ukame fulani akaukadiria mwaka. Ukimwuliza mzee kupitia kioo, "Ulizaliwa tarehe ngapi?" ili uthibitishe kwamba ni yeye, atakutazama. Hakudanganyi. Tarehe hiyo haikuwahi kuwa yake. Keshia anayejua hili huuliza jingine: mara ya mwisho uliweka pesa lini, nani ni mrithi uliyemwandikisha, pesa hizi huingia kutoka wapi. Na kitambulisho chenyewe hapa kina historia. Kwa miongo mingi mkazi wa kaskazini mashariki aliyefikisha miaka 18 alipitishwa kwenye kamati ya uhakiki wa ziada ambayo mwenzake wa Nyeri hakuiona, hadi Rais alipotangaza kuufuta mwezi wa Februari 2025 akiwa Wajir. Wapo Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, kisha alama zao za vidole zikawafunga wasipate kitambulisho. Wapo na wakimbizi halisi wa kambi za Dagahaley, Ifo na Hagadera wenye hati za aina nyingine kabisa. Mteja anapokuja dirishani na karatasi yake, anakuja na kumbukumbu ya kukataliwa kwenye madirisha mengine. Ukilazimika kumkataa, namna utakavyomkataa ina uzito.

Hapo ndipo jopo hupenda kuuliza kuhusu mteja mkali. Usiwape hadithi ya jumla. Waambie utamwita adeer, yaani ami, au eeddo, yaani shangazi, au mama kwa Kiswahili kama ni Mmunyoyaya au Mpokomo, utamweleza kwa lugha anayoielewa ni karatasi gani imepungua na ataipata wapi, na hutamwacha aondoke akidhani amefukuzwa.

Lugha, basi, usiionee haya. Kiingereza kitahitajika kwa maandishi na ripoti. Lakini katika mji huu keshia asiye na Kisomali huzungumza kupitia mkalimani, na mkalimani wa kaunta kwa kawaida ni mteja anayefuata kwenye foleni, ambaye sasa amejua salio la mwenzake. Nimelishuhudia hilo. Siri ya benki huvuja hivyo, bila ubaya wa mtu yeyote. Ukiwa na Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, useme hivyo wazi kama sifa ya usalama, si kama pambo la wasifu wako. Na ukiwa na Kiborana au Kipokomo, kiandike vile vile.

Siri yanileta kwenye ujamaa, ambao jopo lazima liuguse, na ukiwa mtu wa hapa litakuuliza bila kuzunguka. "Mjomba wako amekuja dirishani. Anataka umwangalizie kama Fulani amelipwa na kaunti, kwa sababu Fulani ana deni lake." Kwetu mjomba ni abti, naye humwita mpwa wake abti vile vile, neno ni moja kwa pande zote mbili, na wajibu hivyo hivyo. Kumkatalia abti hadharani ni jambo zito. Kijana anayejibu harakaraka kwamba atamkatalia tu, jopo halimwamini, kwa sababu linajua hajalifikiria. Aliyelifikiria husema: nitamwambia, "Abti, hata salio lako wewe simwambii mtu, na hivyo ndivyo unavyotaka iwe." Kisha husema kwamba shughuli za ndugu wa karibu ataomba zipitie dirisha la mwenzake. Katika mji ambao kila mtu ni binamu wa mtu, kanuni hiyo humwokoa keshia na humwokoa abti.

Mtihani mgumu kuliko wa ujamaa ni pesa taslimu za mifugo. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, na ng'ombe hushuka kutoka huko wakaliwe Nairobi na Mombasa. Tuseme mtu ameuza ng'ombe 20 kwa shilingi 60,000 kila mmoja. Ana 1,200,000 kwenye mfuko wa gunia, na vumbi la soko bado liko kwenye kanzu yake. Pesa taslimu zikifika milioni moja benki itataka maelezo ya maandishi: zimetoka wapi, zinakwenda wapi. Na kwa Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2009, pamoja na mabadiliko yake ya 2023, shughuli ya taslimu inayofika thamani ya dola 15,000 za Marekani huripotiwa kwa FRC, kituo cha serikali kinachopokea taarifa hizo, hata kama mteja ni mtu safi kuliko wote.

Jopo litakuuliza: mteja huyo akisema, "Basi niandikie laki sita leo, na nyingine nitamleta mwanangu aweke kesho," utafanya nini? Kugawanya pesa ili zipite chini ya kikomo ni dalili ambayo kila keshia hufundishwa. Lakini mchungaji aliyechoka anaweza kuyasema hayo kwa kuogopa fomu tu, hasa kama hasomi. Jibu linalofaa lina sehemu mbili. Unamweleza kwamba fomu ni ya kila mtu, hati ya mauzo ya soko inatosha kama ushahidi, na utamsaidia kuijaza. Kama bado una shaka, unamweleza afisa wa benki anayeshughulikia uzingatiaji wa sheria, na mteja humwambii neno. Sheria imekataza kumdokezea mtu kwamba ameripotiwa, na ni kosa la jinai hata mtu huyo akiwa abti.

Wapo wanaoona fomu hizi ni dharau kwa watu wa kaskazini mashariki, nami nawaelewa. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Familia zilizokuwa zikiishi kwa fedha za ndugu walioko Minneapolis, London au Dubai zilikaa wiki nyingi zikikopa unga, hadi kampuni hizo ziliporuhusiwa tena mwezi wa Juni. Wengi wa waliofungiwa hawakuwa na hatia yoyote. Mimi nimelichukua somo langu kutoka hapo: fomu iliyojazwa vizuri ni ngao ya muuza ng'ombe. Siku shaka itakapoangukia mji mzima, aliye na karatasi ataweza kuonyesha pesa zake zilitoka wapi. Tangu Februari 2024 Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na shirika la kimataifa la FATF, kazi hii ya dirishani imezidi kuangaliwa, na jopo litaiuliza.

Kuhusu benki za Kiislamu, nitakuwa mfupi. Akaunti ya kwanza nchini isiyo na riba, La Riba, ililetwa na Barclays mwaka 2005. Gulf African Bank na First Community Bank zikafungua milango mwaka 2008. Na hiyo ya pili, baada ya Premier Bank ya Somalia kununua hisa nyingi mwaka 2023, sasa inaitwa Premier Bank Kenya. Benki nyingine zina dirisha lao la Kiislamu ndani ya benki ya kawaida. Hutaulizwa fiqhi. Utaulizwa utamwelezaje mama mwenye duka tofauti ya murabaha na mkopo. Mwambie hivi: benki haikupi pesa, inanunua friji kwa 50,000, inakuuzia kwa 56,000 ulipe kwa mwaka mmoja, bei imejulikana tangu siku ya kwanza na haikui ukichelewa. Ukiweza kusema hivyo kwa Kisomali cha sokoni, umemaliza. Na usimwambie mteja kitu ni halali kwa kauli yako. Benki ina wanazuoni wake wa kuamua hilo.

Jueni pia kwamba dirisha la leo silo la zamani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 na mawakala wa benki waliporuhusiwa mwaka 2010, shilingi 500 na 3,000 hazipangi foleni tena. Zinazobaki ni shughuli kubwa, shughuli zenye matatizo, na wazee: wa Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, na wa mpango wa kukabiliana na njaa, wale ambao pesa zao hupitia akaunti za benki. Wachache wanaofika dirishani ndio nafasi ya benki kuuza, ndiyo maana jopo litakuuliza kama unaweza kumshawishi mteja afungue akaunti ya akiba au achukue bima. Wengi hudhani hilo ni swali la wauzaji. Nalo limo kwenye kazi, na malengo ya mwezi yamo.

Karatasi nazo ziandae bila hofu. Cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi huombwa kwenye eCitizen, na alama za vidole unaweza kuzitolea kwenye kituo cha Huduma hapa mjini. Ripoti yako ya mikopo ya CRB itazame mapema, maana mkopo wa simu wa shilingi 1,500 uliousahau chuoni utatokea hapo. Ulipe, na ukiulizwa sema ukweli wake. Lakini haki yako uijue: tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivi vya kibali kabla hajawa na nia ya kukupa mkataba. Msikimbie kulipia karatasi tano kwa kila tangazo. Na yeyote anayekuomba "pesa ya fomu" ili upate nafasi benki ni mwizi, hata akijua jina la meneja.

Dada zangu huniuliza kuhusu hijabu. Vaeni. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 32 inalinda dini yako, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa msingi huo tangu kwenye kuajiri. Zaidi ya hayo, matawi ya huku yanahitaji makeshia wanawake: mteja aliyefunika uso lazima alinganishwe na picha ya kitambulisho, na hilo hufanywa kwa staha na mwanamke mwenzake, faraghani. Ukinyooshewa mkono na mwanamume wa jopo na wewe hupeani mkono na wanaume, weka wako kifuani, tabasamu, salimia kwa jina. Haikuchukui hata sekunde moja na hakuna aliyewahi kupoteza alama kwa hilo mbele yangu.

Mwisho wa mahojiano huulizwa kama una swali. Wengi husema sina, au huuliza mshahara. Namkumbuka msichana mmoja, mhitimu wa chuo cha hapa Garissa, aliyekuwa amejibu kwa wasiwasi hadi hapo. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Nikienda kuswali adhuhuri, droo yangu atafunga nani?"

Mwenyekiti wa jopo, mtu wa makao makuu, aliweka kalamu chini. Akamjibu kwamba ataifunga mwenyewe, funguo ataondoka nazo, atatoka kwenye mfumo kabla hajainuka, na hakuna mtu, hata meneja, atakayepewa nenosiri lake. Msichana akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama kuna mahali pa kuandika saa aliyotoka na saa aliyorudi.